Uliza Mwalimu: Hispania ya Franco, kuanzia muvi ya Mogambo mpaka kitunguu cha mfungwa

Toleo lililopita niligusia mistari miwili tu kuhusu vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania, ile ya 1936 mpaka 1939, Jenerali Franco alipoiasi serikali ya Jamhuri, akashinda na kutawala kidikteta mpaka kufa kwake, na toka siku hiyo simu yangu haijapumua. Nimechagua meseji tano, wengine mtanisamehe.

*Shikamoo mwalimu. Kuna jamaa kijiweni kabisha eti serikali ya Franco iliwahi kugeuza mume na mke kuwa kaka na dada kwenye muvi iliyopigwa huku kwetu. Tumewekeana dau kreti la soda. Kweli au anatupanga? (Mbishi wa Tabata)*

Marahaba mwanangu, kanunue hiyo soda, umeliwa. Muvi inaitwa Mogambo, ya 1953, sehemu kubwa ilipigwa Kenya na Tanganyika, ndani kuna Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. (Hilo jina msiniulize, sisi tunajua mgambo, likilia kuna jambo, hii mogambo sijui waliiokota wapi.) Hadithi yenyewe mke wa mtu anakuja safari na mumewe alafu anamwangukia mwindaji. Sasa Hispania ya Franco kanisa na serikali walikuwa chanda na pete, mke wa mtu kuchepuka haionyeshwi, na muvi za nje zilikuwa zinaingizwa sauti za Kihispania, so wakaguzi wakaona dawa rahisi, huyo mume tumwite kaka. Kwa mdomo tu! Picha ikabaki vilevile, watu wamekaa kwenye viti wanaangalia kaka na dada wanavyoishi kama mtu na mkewe, yani kumficha mgoni mmoja wakaleta zinaa ya maharimu. Madijei wetu wa vibandani wanaotafsiri muvi za Kichina wanaongeza chumvi lakini hawajafika huko.

*Mwalimu habari. Nimeona mtandaoni ile picha ya Picasso, Guernica. Kusema ukweli kitinda mimba wangu wa chekechea anachora hivyo. Farasi kajipinda, ng'ombe macho yote upande mmoja. Mbona dunia nzima inaisujudia? (Mama Watoto, Nakuru)*

Mama, wala usione haya kuuliza, wengi wanaosifia hawajaelewa ila wanaogopa kuchekwa. Acha ng'ombe kwanza, tuanze na mji. Guernica ni mji mdogo wa Wabaski kaskazini mwa Hispania, una mti wa mwaloni ambao toka zamani viongozi wao walikuwa wanaapa chini yake. Tarehe 26 Aprili 1937, Jumatatu, siku ya gulio, kwenye saa kumi na nusu jioni zikaanza kuja ndege za Hitler na za Mussolini, maana hao wawili walikuwa wanamsaidia Franco, zikapiga kwa karibu masaa matatu, mabomu ya kubomoa alafu ya kuchoma, na ndege ndogo zinawafuata watu mashambani na risasi. Idadi ya waliokufa wanabishana mpaka leo, serikali ya Wabaski ilisema 1,654, wanahistoria wengi wa siku hizi wanasema ni mamia machache. Mji ndo uliisha.

Sasa sikia upande wa Franco walivyojibu: hakuna ndege yoyote, ni wekundu, yani watu wa Jamhuri, wamechoma mji wao wenyewe wakati wanakimbia. Wakang'ang'ania hapo miaka na miaka. Ni walewale wa Mogambo, tofauti hapa ni maiti.

Aliyewaumbua ni ripota mmoja, George Steer, mzaliwa wa Afrika Kusini, alifika usiku uleule mji bado unawaka, akaokota maganda ya mabomu yana chapa ya Kijerumani ya 1936, siku mbili baadaye iko gazetini London. Na huyu Steer alikuwa katoka Uhabeshi, aliripoti Waitalia walivyomwaga mabomu na gesi kwa watu wa Haile Selassie 1935 na 1936, kwahiyo alichokiona Guernica hakikuwa kigeni kwake. Hapa ndo huwa naumia kidogo, vitabu vingi vinaongea kama vile kupiga raia kutoka angani kulianzia Guernica, wakati Wahabeshi walishaonja mwaka mmoja nyuma, ila hawakupata Picasso wao.

Picasso alikuwa Paris, keshapewa oda ya picha kubwa kwa ajili ya banda la Hispania kwenye maonyesho ya dunia na hajui achore nini. Akasoma magazeti, tarehe 1 Mei akaanza michoro, Juni mwanzoni kamaliza, karibu mita nane kwa tatu na nusu. Rangi hamna, ni nyeusi, nyeupe na kijivu, kama gazeti lenyewe. Sasa rudi uitazame taratibu. Kushoto pale kuna mama kapakata mtoto aliyekufa, shingo imerudi nyuma, macho yamekuwa matone. Mwanao anapinda watu kwa vile hajajua kuwanyoosha, Picasso alichora watu sawasawa kabisa akiwa bado kijana mdogo, hapa kawavunja makusudi. Na angalia kisichokuwepo: ndege ya vita haimo, Hitler hayumo, Franco hayumo. Kwahiyo mtu wa mji wowote uliopigwa anaiona ni yake.

Akakataa picha isiende Hispania mpaka uhuru wa watu urudi. Ikakaa New York. Picasso kafa 1973, Franco kafa 1975, yenyewe ikafika Madrid Septemba 1981, kwa mara ya kwanza kabisa, kama mtoto aliyezaliwa ukimbizini, ikawekwa nyuma ya kioo kisichopitisha risasi.

*Assalaam aleikum maalim. Ni kweli Waislamu wa Moroko ndio waliompigania Franco, na yeye akisema anapigana vita vya msalaba? (Msomaji wako, Unguja)*

Waalaikum salaam. Kweli, na sio wachache, makadirio ya kawaida ni kati ya 60,000 na 80,000. Uasi wenyewe ulianzia Moroko ya Kihispania Julai 1936, jeshi kali la Franco lilikuwa huko, na Hitler ndo alitoa ndege za kulivusha bahari. Mbona walikubali? Njaa ndugu yangu. Mvua zilikuwa zimegoma, jeshi linatoa mshahara, sukari na mafuta ya kula. Na hawa ni watu wa nchi ambayo Wahispania haohao waliipiga gesi miaka ya 1920 kwenye vita ya Rif, milima ya kaskazini mwa Moroko. Kinachonichoma zaidi ni Jamhuri, wale tunaowaita wazuri: wangeweza kuwaahidi Wamoroko uhuru wao wakamkata Franco miguu, hawakufanya, walikuwa wanaogopa kuwaudhi Wafaransa ambao nao walikuwa na kipande chao cha Moroko.

*Franco bado kazikwa kwenye ule mlima wenye msalaba? (Dereva bodaboda, Kisumu)*

Hapana. Walimtoa 24 Oktoba 2019 na helikopta wakampeleka makaburi ya kawaida nje kidogo ya Madrid. Msalaba upo, mita 150, na chini yake kuna mifupa ya watu zaidi ya 33,000, wengine ni wa upande alioupiga, walihamishiwa hapo bila familia kuulizwa. Na bado huko mabarabarani kuna makaburi ya pamoja wajukuu wanayafukua mpaka leo.

*Mwalimu, mimi ni mtu wa mashairi, historia ndefu sina nguvu nayo. Nipe shairi moja tu. (Malenga mchanga, Tanga)*

Wengi watakutajia Lorca, mshairi ambaye watu wa Franco walimpiga risasi Agosti 1936 na mwili haujapatikana. Mimi nakupa Miguel Hernández. Alikuwa mchunga mbuzi, alipigana upande wa Jamhuri, vita ilipoisha wakamfunga. Mkewe akamwandikia barua gerezani, kwamba nyumbani chakula ni mkate na kitunguu basi, na ananyonyesha. Jamaa akakaa akamtungia mtoto wimbo wa kubembelezea, maziwa ya kitunguu, akimwambia acheke, acheke sana. Alifia jela Alicante, Machi 1942, kifua kikuu, miaka 31.

Mistari yake mifupimifupi, inaimbika kabisa. Nimejaribu kuutia Kiswahili mara tatu, mizani inakaa vizuri tu, vina ndo vinanigomea kwenye hicho kitunguu. Ukiweza wewe nitumie.