Maswali ya Wasomaji: Yamaguchi Momoe na Maikrofoni Aliyoiacha Jukwaani

Wiki mbili zilizopita, nilipokuwa nikizungumzia wasanii walioacha kazi wakati majina yao yangali juu, niligusia kwa mstari mmoja habari za Yamaguchi Momoe, mwimbaji na mwigizaji wa Japani aliyestaafu mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 21. Mstari huo umeniletea maswali mengi kuliko makala yenyewe, na leo nafasi yote nawaachia waulizaji.

Swali: Je, alizaliwa katika familia ya wasanii?

Hapana. Alizaliwa Tokyo tarehe 17 Januari 1959 na kukulia Yokosuka, mji wa bandari ulio kusini mwa jiji hilo, wenye kambi kubwa ya jeshi la majini la Marekani. Mama yake ndiye aliyemlea yeye na mdogo wake wa kike, na maisha yao yalikuwa ya kubana matumizi. Mlango wake wa kuingilia katika sanaa ulikuwa Star Tanjō!, kipindi cha televisheni cha kusaka vipaji, ambacho wawakilishi wa kampuni za muziki na za kusimamia wasanii walikaa ukumbini wakiwa na mabango, na aliyemtaka mshiriki alinyanyua bango lake mbele ya watu wote. Tafakari jinsi mtoto wa miaka 13 anavyojisikia akisubiri kuona kama kuna bango litakaloinuka. Katika fainali ya Desemba 1972 Momoe alishika nafasi ya pili, akachukuliwa na kampuni ya HoriPro, na mwezi Mei 1973 wimbo wake wa kwanza ukatoka. Kwa kuwa wasichana wengine wawili waliopita katika kipindi hicho hicho, Mori Masako na Sakurada Junko, walikuwa darasa moja naye kwa umri, watatu hao walitangazwa pamoja kama kundi la wanafunzi wa mwaka wa tatu wa shule ya kati, ingawa kila mmoja aliimba peke yake.

Swali: Ulimwita “aidoru”. Hilo si neno la kumdharau msanii?

Kwa Wajapani si dharau, bali ni jina la kazi. Aidoru ni msanii kijana anayeuzwa kwa sura, tabia na ukaribu wake na mashabiki kama anavyouzwa kwa sauti, na kwa kawaida hutarajiwa aimbe, aigize, atangaze biskuti na atabasamu, yote kwa siku moja. Ubaya wa utaratibu huo ulionekana mapema kwa Momoe. Alipokuwa na miaka 14 na 15, watu wazima walimtungia nyimbo zenye maneno ya mafumbo ambayo msichana wa umri huo hakupaswa kuulizwa habari zake. Katika wimbo mmoja wa mwaka 1974 anaimba kuhusu kumpa mpenzi kitu cha thamani kuliko vyote alicho nacho msichana, na waandishi wa habari hawakuchoka kumuuliza, huku wakicheka, kitu hicho ni kipi. Alikuwa na jibu la neno moja: magokoro, yaani moyo wa dhati. Kwangu mimi jibu hilo linaeleza tabia yake kuliko tuzo yoyote: hakukasirika, hakucheka nao, na hakuwapa walichokitaka.

Swali: Yamaguchi na Momoe, lipi ni jina la ukoo?

Yamaguchi. Wajapani hutanguliza jina la ukoo. Momoe huandikwa kwa alama mbili, ya kwanza ikiwa na maana ya mia na ya pili baraka.

Swali: Kama nyimbo zote alitungiwa na wengine, sifa yake iko wapi?

Swali zuri, na wengi hukwama hapo hapo. Ni kweli kwamba nyimbo zilizompa jina ziliandikwa na wengine. Hata hivyo, mwaka 1976 mambo yalibadilika, na badiliko hilo linahusishwa na yeye mwenyewe: alikuwa amevutiwa na kazi za Uzaki Ryūdō, mwanamuziki wa roki asiyekuwa na uhusiano wowote na ulimwengu wa maaidoru, akaomba atungiwe wimbo naye. Uzaki alitunga muziki, mkewe Aki Yōko akaandika maneno, na kwa kuwa Aki naye alikuwa amekulia Yokosuka, wimbo uliotokea ulibeba jina la mji huo. Msikilize Momoe wa 1973, kisha umsikilize huyu wa 1976, utadhani ni watu wawili: sauti imeshuka, imepata uzito, na mwanamke anayeimba haombi kupendwa, anamhoji mwanamume.

Wimbo mwingine wa wanandoa hao, wa mwaka 1978, unaanza na mwanamke anayeendesha Porsche jekundu peke yake. Shirika la utangazaji la NHK halikuruhusu majina ya biashara kutajwa hewani, hivyo huko aliimba “gari jekundu” tu. Mwisho wa mwaka huo huo, katika tamasha la NHK la mkesha wa mwaka mpya ambalo enzi hizo lilitazamwa na sehemu kubwa ya taifa, ndiye aliyefunga zamu ya wanawake akiwa na miaka 19, heshima ambayo kwa desturi huwekewa waimbaji waliokomaa. Sifa ya mwimbaji si lazima iwe kalamu, Ndugu msomaji. Kujua ni maneno ya nani yanayokufaa, na kuyadai, nako ni kazi.

Swali: Nilisoma Uchina, na mwalimu wangu wa lugha, mama mtu mzima, alimtaja kama mwigizaji wala si mwimbaji. Kwa nini?

Kwa sababu Wachina wengi walimjua kwanza kupitia tamthilia. Kuanzia mwaka 1974 kituo cha TBS kilirusha mfululizo wa tamthilia zenye neno “nyekundu” katika majina yao, na iliyovuma zaidi, ya mwaka 1975 hadi 1976, ilimhusu Sachiko, msichana anayepata saratani ya damu baada ya kupigwa na mionzi, na anayempenda kijana ambaye baadaye inabainika kuwa ni ndugu yake kwa baba. Ndiyo, machozi mwanzo hadi mwisho. Uchina ilipoionyesha mwaka 1984, Momoe alikuwa amekwisha kustaafu kwa miaka minne, lakini wasichana huko walishona mashati ya mtindo wa Sachiko.

Kijana wa tamthilia hiyo alikuwa Miura Tomokazu, aliyekuja kuwa mume wa Momoe, na wawili hao walianza kuigiza pamoja katika filamu ya mwaka 1974 iliyotokana na hadithi ya mwandishi Kawabata Yasunari kuhusu mcheza ngoma wa Izu. Filamu zao pamoja zilifika 12. Ya mwisho, Koto ya mwaka 1980, iliyoongozwa na Ichikawa Kon, ndiyo ningemshauri mtu aanze nayo: Momoe anaigiza mapacha waliotenganishwa, mmoja akilelewa katika nyumba ya biashara ya vitambaa mjini Kyoto na mwingine akifanya kazi milimani, na tofauti yao anaionyesha kwa mwendo na utulivu wa uso zaidi kuliko mavazi.

Swali: Kwa hiyo mume alimkataza kufanya kazi?

Wengi wameniuliza hili, baadhi kwa hasira. Mwezi Oktoba 1979, akiwa jukwaani Osaka, Momoe mwenyewe aliwaambia mashabiki kwamba ana mpenzi na kwamba ni Miura. Machi 1980 akatangaza kuchumbiwa na kustaafu. Katika kitabu chake cha maisha, Aoi Toki, kilichotoka Septemba mwaka huo na kuuzwa zaidi ya nakala milioni moja, anaieleza hatua hiyo kuwa uamuzi wake. Wapo waliosikitika kuona mwanamke mwenye nguvu kiasi hicho akirudi jikoni, na hoja yao siipuuzi. Ila mtu aliyefanya kazi tangu miaka 14, ratiba yake ikipangwa na wengine kila saa, anapochagua mwenyewe siku ya kuacha, sioni haki ya kumnyang’anya uamuzi huo na kumpa mumewe.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 5 Oktoba 1980, katika ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo. Akiwa na gauni jeupe aliimba wimbo wa kuaga huku akilia, akainama kwa muda mrefu, kisha akaiweka maikrofoni nyeupe chini katikati ya jukwaa, akageuka na kuondoka. Tarehe 19 Novemba yeye na Miura walifunga ndoa.

Swali: Hakurudi hata mara moja?

Hakurudi jukwaani wala kwenye kamera. Wanawe wawili wako katika sanaa, Yūtarō akiimba na Takahiro akiigiza, na NHK ilirudia kuonyesha tamasha lile la Budokan mwezi Januari 2021. Momoe mwenyewe hushona mablanketi ya viraka vya vitambaa, ambayo yameonyeshwa katika maonyesho mjini Tokyo, na mwaka 2019 alitoa kitabu chenye picha za kazi hizo.