Bando Moja, Nyumba Nzima: Maswali ya Wasomaji wa Kigoma

*Fundi, shikamoo. Nilijiunga GB 10 Jumatatu, Jumatano zikaisha. Kampuni inatuibia? (Ujiji)*

Marahaba. Swali hili linaletwa kila mara, na muulizaji hasemi kamwe ni vifaa vingapi vimeunganishwa nyumbani kwake. Anza na kompyuta. Windows ikishaona waifai hushusha masasisho yake bila kukuuliza, na toleo kubwa moja humeza GB kadhaa. Ingia kwenye mipangilio ya waifai hiyo, uiambie kompyuta kwamba data hii ina kikomo. Kisha nenda kwenye simu. Wengi huzuia WhatsApp kupakua video kwa data ya simu, wakasahau upande wa waifai. Simu ya mdogo wako iliyoungwa kwenye hotspoti yako, yaani waifai inayogawiwa na simu yako, inajiona iko kwenye waifai, kwa hiyo inapakua kila kitu kwa bando lako. Nakala za picha zinazopanda zenyewe mtandaoni nazo ni vivyo hivyo. Saa moja ya video ya ubora wa 480p hula takribani nusu GB. Ukipandisha ubora, zidisha mwenyewe. Simu inayogawa ina hesabu ya data yote iliyotumika, pamoja na iliyopita kwenye hotspoti. Isome kwanza. Ikipishana sana na ya kampuni, hapo una hoja ya kuwapigia.

*Paswedi ya hotspoti yangu ni 12345678. Inatosha? (Mwanga)*

Haitoshi, ibadilishe leo. Laini yako ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole vyako. Jirani akitapeli mtu kupitia hotspoti yako, wachunguzi watabisha kwako kwanza, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 si ya mchezo. Na msiwaachie watoto kazi ya kugawa paswedi.

*Nimepata modemu ya zamani ya 56K, ile inayoingia mtandaoni kwa kupiga simu ya mezani. Naweza kuigawia familia? (Katubuka)*

Kuigawa inawezekana, lakini kilobiti 56 ni kilobaiti 7 tu kwa sekunde, tena siku ikikubali. Picha moja ya MB 3 itachukua zaidi ya dakika saba, mtu mmoja akiwa peke yake. Iache.

*Tuko sita. Jioni mtandao haufunguki, na binti yangu ana masomo. (Gungu)*

Mama, jioni mnara unabeba mtaa mzima, na hilo haliko mikononi mwako. Yaliyo ndani ya nyumba unayaweza. Toa raota kabatini, iweke juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara. Raota nyingi hurusha waifai kwa mawimbi ya aina mbili, 5 GHz na 2.4 GHz. Kuta za tofali zinakula zaidi yale ya 5 GHz, basi vyumba vya mbali vitumie ya 2.4. Halafu tafuta anayepandisha video mtandaoni. Huyo mmoja anawabana wote, kwa sababu hata ukurasa mdogo hauji mpaka ombi la kuufungua litoke kwanza, na njia ya kutokea ameijaza yeye. Apandishe usiku wa manane. Binti akisoma, filamu zizimwe, hata ya baba. Naona nyumba nyingi zikimnunulia mtoto simu ya bei halafu zinamnyima saa moja ya mtandao tulivu, na jambo hilo linaniumiza.

*Nikienda Kagunga, kule mpakani na Burundi, salio linayeyuka. (Kibirizi)*

Zima roming, yaani kutumia mtandao wa nchi nyingine, kabla ya kupanda boti. Kule simu inaweza kudaka mnara wa Burundi, na ukiwa umewasha hotspoti, abiria wenzako wanatumia salio lako kwa bei ya roming.