Swala ya Ijumaa barabarani Ufaransa

Ndugu, umeuliza kama sheria ya 1905 (ya kutenganisha dini na serikali) ndiyo inayokataza kuswali Ijumaa barabarani Ufaransa. Hapana. Ile inaibana serikali: isitambue wala kugharamia dini yoyote. Wewe na mswala wako haikukatazi; ibada za nje inaziacha kwenye kanuni za utulivu wa umma. Suala ni matumizi ya barabara. Mkusanyiko wa njiani hutolewa taarifa siku 3 hadi 15 kabla, Paris kwa mkuu wa polisi. Usipotoa, mwandaaji anakabiliwa na kifungo hadi miezi 6 na faini ya yuro 7,500. Misafara ya desturi za mahali imesamehewa taarifa (hapo ndipo maandamano ya Kikatoliki hupumua). Safu zilizotanda lami ya rue Myrha, mtaa wa Paris, zilikomeshwa Septemba 2011, waumini wakahamia kambi ya zamani ya zimamoto, boulevard Ney.