Roboti amekimbia au imekimbia?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Jinja. Mimi ni fundi wa simu na redio, na karakana yetu ni kama ekimeeza: habari ya sayansi ikisomwa redioni, bisibisi zinawekwa chini watu wabishane. Majuzi tulikuwa tunakumbushana zile mbio za Beijing za Aprili 2025, roboti zilipokimbia nusu marathoni siku moja na binadamu. Mwenzangu akasema, "Roboti wa kwanza amekimbia kwa saa mbili na dakika arobaini." Nikamkatiza: si amekimbia, ni imekimbia, ile ni mashine. Akanigeukia: "Kitu kina miguu miwili, kina kichwa, kimevaa raba, kimeanguka kikainuka, halafu wewe unakisemea 'i' kama pasi?" Karakana nzima ikacheka, mimi ndiye nikaonekana sijui Kiswahili. Tumewekeana rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, yenye mayai matatu. Tuamulie. Na wingi wake ni roboti au maroboti?
Fundi, Jinja.

JIBU: Fundi, kuchekwa si kushindwa. Mwenzako ana ulimi mwepesi, lakini isome tena sentensi yake polepole. "Kitu kina miguu, kimevaa, kimeanguka, kikainuka." Alipotaka kuonyesha kwamba roboti ni mtu, alianza kwa kuiita kitu, na kutoka hapo ki- ikamburuta mpaka mwisho wa sentensi. Ungemwacha amalize, halafu ukamwuliza, "Hicho kitu, au huyo mtu?", kicheko kingehamia upande wako. Majibu ya namna hii hutujia sote tukiwa tumeshafika nyumbani.

Tuanze na mbio zenyewe, maana zina ushahidi. Zilikuwa roboti 21. Iliyotangulia, Tiangong Ultra, ilimaliza kwa saa 2, dakika 40 na sekunde 42, na njiani ilibadilishwa betri mara tatu. Jacob Kiplimo wetu alikimbia masafa hayo Lisbon mwaka 2021 kwa dakika 57 na sekunde 31. Angekuwa Beijing siku ile angefika, akaoga, akala matoke yake, na bado angepata nafasi ya kurudi barabarani kuishangilia. Kuishangilia, nimesema. Sasa nieleze kwa nini sikusema kumshangilia.

Hoja ya mwenzako ni umbo na mwendo: kina miguu, kinakimbia, basi kipewe a-. Kiswahili kilishakutana na hoja hiyo zamani, siku chombo cha kwanza cha chuma kilipopita angani watu wakakiita ndege. Jina walilitoa kwa kiumbe, mabawa yapo, mkia upo, kuruka kunaruka. Upatanisho hawakuutoa. Ukiniambia "ndege ametua Entebbe", nitadhani kalooli mmoja, yule korongo mkubwa wa jalalani, amechoka na majalala ya Kampala akaenda kupunga upepo ziwani. Ukisema "ndege imetua Entebbe", nitatafuta gari la kwenda kumpokea mgeni. Neno ni lilelile, na herufi moja tu ndiyo inayotenganisha nyama na bati.

Kifaru ndiye shahidi wangu wa pili, na ni mzito kuliko wa kwanza. "Kifaru amevuka barabara Nakasongola" ni habari ya kutafutia kamera, kwa sababu kule kuna hifadhi ya Ziwa. "Kifaru kimevuka barabara Nakasongola" ni habari ya kutafutia handaki. Watu wa pwani wana mbuzi wao wa chuma, kile kiti chenye ulimi wa meno cha kukunia nazi. "Mbuzi imevunjika" maana yake leo hakuna wali wa nazi. "Mbuzi amevunjika" maana yake huenda leo kuna pilau. Na hapa kwetu, bila kusubiri kamusi, tumefanya vivyo hivyo na boda: "boda imeharibika" ni pikipiki, "boda amenidai elfu tano" ni mwenye pikipiki. Hakuna mwalimu aliyewafundisha watu wa Busia au Wandegeya tofauti hiyo. Masikio yao yaliiona kabla ya vitabu.

Kwa hiyo umbo si hoja, na mwendo si hoja. Je, uhai? Hapo tusikimbilie, maana mti una uhai na tunasema "mti umeanguka", sio "ameanguka". Kwa upande wa pili wako malaika, majini na mashetani, wasio na nyama wala mifupa, na wote wanakula a- na wa- kama shemeji zako. Naona kinachopimwa ni kama tunamhesabu aliyetajwa kuwa mwenye utashi, anayejiendea kwa kutaka kwake. Wadudu wanapita mtihani huo kwa shida, lakini wanapita. Virusi vilifeli. Wanasayansi wenyewe bado hawajakubaliana kama virusi ni hai, ila Kiswahili kimeshatoa hukumu: vimeenea, vimedhibitiwa, vimerudi. Wakati wa korona sikumsikia hata mtangazaji mmoja akisema "virusi wamefika Kampala", na sidhani kama kuna aliyeketi kulifikiria.

Ukiipima roboti ya Beijing kwa kipimo hicho, jibu linajitokeza. Waliokimbia kando yake walikuwa wahandisi, kuna roboti zilizoshikiliwa kamba kama ndama, na moja ilianguka pale pale mstari wa kuanzia ikalala mpaka iliposimama tena. Betri ilipokwisha, roboti *ilizima*. Haiku*zimia*. Angalia ilivyo ajabu: gari huzima, taa huzima, simu huzima, binadamu ndiye anayezimia. Mwenzako akitaka kweli roboti awe mtu, basi aseme hadharani, mbele ya karakana nzima, kwamba roboti alizimia akapepewa. Simu nazo tunasema zimekufa, hilo najua, na wewe fundi unalisikia kila siku. Lakini tunasema *imekufa*. Lugha yetu imeruhusu mashine zife bila kuziruhusu ziishi.

Hata hivyo simwachi mwenzako mikono mitupu, kwa sababu ana hoja nne ambazo hakuzitumia, na ninamsaidia bure.

Ya kwanza ni Luganda. Kama mwenzako ni Muganda, sikio lake halioni ajabu kitu kisicho mtu kupatanishwa kama mtu. Kwa Luganda muhogo, mahindi na viazi vitamu, yaani muwogo, kasooli na lumonde, hukaa katika kundi moja la kisarufi na kojja, yule mjomba. *Kasooli ono*, mahindi huyu, kwa tafsiri ya kijeuri. Mtu aliyekua akiyasemea mahindi kama mjomba ana haki ya kuuliza kwa nini roboti inyimwe heshima aliyopewa kiazi. Jibu langu ni kwamba kila lugha ina mgawanyo wake, na ukivuka mpaka unafuata sheria za kule ulikoingia. Lakini kosa lake lina ukoo. Si ujinga.

Hoja ya pili ni mwanasesere. Huyu ni wa kitambaa au plastiki, hana pumzi, lakini tunasema "mwanasesere ameanguka", wingi wanasesere. Amepenya kwa tiketi ya *mwana* aliyebebwa ndani ya jina lake. Roboti haina tiketi hiyo. Ni neno la kukopa lililoingia bila kiambishi, na maneno ya namna hiyo yakitaja vyombo huenda moja kwa moja kwenye i-/zi-: redio, kompyuta, roketi, setilaiti. Angalia pia jirani yake wa karibu zaidi kwa umbo, sanamu. Ina macho, ina pua, pengine ina na bunduki, na bado "sanamu imesimama".

Ya tatu ina nguvu zaidi: asili ya neno. "Roboti" limetoka kwenye tamthilia ya Kicheki ya mwaka 1920, ya Karel Čapek, kutoka neno *robota*, kazi ya shokoa, ile ambayo wazee wa Buganda waliijua kwa jina la kasanvu. Roboti wa tamthilia ile hawakuwa wa chuma hata kidogo. Walitengenezwa kwa kitu kama nyama, wakafanana na watu, wakaasi. Anayeisimulia kwa Kiswahili aseme "roboti wameasi", na mimi nitakuwa wa kwanza kumtetea. Kwenye hadithi hata jembe huongea, na likianza kuongea huwa Jembe, naye akasema. Sungura hakuwahi kuuliza nani amempa ruhusa.

Ya nne ni majina. Mwezi Mei 2020 Rwanda ilipokea roboti tano za kusaidia wahudumu kuwapima wagonjwa wa korona joto, zikapewa majina ya watu: Akazuba, Ngabo, Mwiza, Ikizere, Urumuri. Ukisema "Akazuba amempima mgonjwa", sina ugomvi nawe. Umeshampa jina, na jina la mtu huvuta a-. Ila ukirudi kwenye neno lenyewe, "roboti hii imempima mgonjwa". Na si kila jina linatosha: setilaiti yetu PearlAfricaSat-1 ilirushwa Novemba 2022, jina ikiwa nalo, na hakuna aliyesema amerushwa. Pengine lingekuwa Nakato hadithi ingekuwa nyingine.

Hapa ndipo penye siri ambayo ingekuokoa siku ile. Upatanisho hufuata nomino iliyotamkwa. Haufuati picha iliyo kichwani. Mwenzako angesema "*Mshindi* amekimbia kwa saa mbili na dakika arobaini", angekuwa sahihi kabisa, hata kama mshindi huyo anachajiwa, kwa sababu *mshindi* ni nomino ya m-/wa- na haijali damu. Ndivyo ilivyo kwa yule Sophia, roboti yenye sura ya mwanamke, ambaye Saudi Arabia ilimtangaza raia Oktoba 2017. Raia *huyu*, roboti *hii*. Sentensi moja, chuma kilekile, viwakilishi viwili, na sarufi haijavunjwa mahali popote.

Utaniuliza: kama tofauti ni herufi moja, ya nini kukomaa hivi? Ninakomaa kwa sababu ya magazeti. Kwenye mabishano ya karakana "roboti amekosea" ni utani mtamu, na sitaki kuuua. Kwenye habari nzito, a- hufanya kazi nyingine: inamweka mashine kizimbani, na aliyeitengeneza anatoka kwa mlango wa nyuma. Machi 2018 gari la majaribio la Uber, lililokuwa likijiendesha, lilimgonga na kumwua mwanamke mmoja huko Tempe, Arizona. Gari *lilimgonga*, tunasema. Lakini mahakamani hawakuliita gari. Walimwita binadamu aliyekuwa ameketi kwenye usukani kulisimamia, naye mwaka 2023 akakiri kosa. Kiswahili chenye li- na i- kinakulazimisha uendelee kuuliza: sawa, limegonga, na nani alikuwa analiangalia?

Waganda tunaijua tofauti hii vizuri kuliko tunavyodhani, tumeizoea kwa miaka 20. Kampuni iliyosambaza umeme tangu 2005 hadi mwisho wa Machi 2025 ilijiita Umeme, jina lilelile la kitu ilichouza. Palikuwa na kila sababu ya kuchanganyikiwa, na hatukuchanganyikiwa. "Umeme umerudi", ukawasha taa. "Umeme wamekuja", ukafungua geti wasome mita. Kila mtoto wa Nakawa alijua lini anazungumza juu ya nguvu ndani ya waya na lini anazungumza juu ya watu waliovaa helmeti. Tufanye hivyohivyo kwa hizi programu zinazojibu maswali siku hizi. Mtu akiandika "akili mnemba imeniambia dawa hii ni salama", ile i- inakukumbusha uende umwulize na mfamasia. Akiandika "ameniambia", naanza kumhurumia.

Wingi: roboti moja, roboti nyingi, i-/zi-. "Maroboti" utayasikia, na ni halali kwa kukuza au kubeza, kama majitu na majibwa. Ukiona dude la kubeba makontena lenye urefu wa nyumba, liite roboti, liwe li-, wingi maroboti, hakuna atakayekukamata. Umiliki nao ufuate: roboti yangu, roboti zangu. Tahadhari tu na wale wanaosema "roboti *yangu amekataa* kufagia". Muundo huo, ya- kwenye umiliki na a- kwenye kitenzi, ndio tunaoutumia kwa ndugu na marafiki: dada yangu amekataa, rafiki yangu amekataa. Mbwa mwenyewe ni mbwa *wangu*. Anayesema hivyo ameipandisha roboti juu ya mbwa na kuiingiza katika ukoo, na siku ya kugawana shamba asishangae.

Rolex ni yako. Mwenzako alitaja roboti, hakutaja mshindi, na kwa roboti ni *imekimbia*. Lakini kwa kuwa nimempa hoja nne na moja wapo, ile ya Akazuba, ingekusumbua kidogo, mkatie kipande. Mkishamaliza mniandikie kama rolex ililiwa au aliliwa.