Fila chini ya macho: ukande au uache?

Pole kwa wasiwasi, dada. Unasema ulichomwa fila, ile sindano ya kujazia mashimo, chini ya macho Dar wiki iliyopita, umerudi Mbeya, jicho la kushoto lina kinundu, na dada wa saluni pale Mwanjelwa kakwambia ukikande asubuhi na jioni kwa mafuta ya parachichi mpaka kitawanyike. Usikande. Kama una haraka, jibu ni hilo, mengine ni maelezo yake.

Mimi nimepita huko huko. Nilichomwa na daktari wa ngozi Dar, nikarudi zangu Uyole, na uvimbe wa mwanzo uliposhuka kikabaki kitu kama punje ya mchele upande wa kulia, karibu na pua. Ukinitazama uso kwa uso hukioni. Nikisimama dirishani asubuhi, jua likipiga kwa ubavuni, hicho hapo. Kila niliyemwonyesha alikuwa na dawa yake: shangazi alitaka kitambaa cha maji ya moto, jirani akataka kijiko cha baridi, na mwingine alinitumia video ya mzungu anajikanda uso mzima kwa ngumi. Nikampigia daktari aliyenichoma. Akaniambia niondoe mikono usoni kwanza, ndipo tuongee.

Hiyo habari ya kukanda haikuzuka hewani, ila ni ya dawa nyingine. Kuna sindano inayoitwa Sculptra, ambayo kazi yake ni kuchochea ngozi itengeneze kolajeni yake yenyewe, ile protini inayoipa ngozi uimara. Chembe zake zikikusanyika sehemu moja zinaleta vinundu, ndiyo maana mteja anaambiwa akande dakika 5, mara 5 kwa siku, kwa siku 5. Watu wakabeba sheria hiyo wakaipachika kwenye kila kitu kinachoingia usoni kwa sindano. Chini ya macho kwa kawaida huwekwa jeli ya asidi ya hayaluroniki, zile za familia ya Restylane na Juvederm. Daktari anayejua kazi huiweka kwa kina, karibu kabisa na mfupa, chini ya msuli, na kidogo kidogo. Ukiisukuma kwa kidole unaihamisha kutoka pale ilipowekwa. Ikisogea juu unapata mfuko chini ya jicho, yaani kile kile ulicholipia kiondoke. Na ngozi ya hapo ni nyembamba kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, kwa hiyo jeli ikikaa juu juu inaonekana rangi ya bluu kwa nje. Watu hudhani ni damu iliyovilia, wanasubiri iishe, haiishi.

Halafu una wiki moja tu. Jeli hii inavuta maji, na unachokiona sasa ni jeli, maji na jeraha la sindano vyote pamoja. Hesabu wiki mbili ndipo uanze kuhukumu. Kwa baridi hii yetu ya Juni mtu anaamka macho yamejaa hata bila fila, sembuse na fila, na usiku ulikula dagaa wa chumvi. Lalia mito miwili, punguza chumvi, barafu ifunge kwenye kitambaa safi na uiguse tu bila kukandamiza. Usilale kifudifudi.

Changu hakikuisha chenyewe, kwa hiyo nilipokuwa na safari ya Dar nikapitia kwa daktari. Ndipo nilipoona tofauti ya kukanda na kukanda. Alivaa glavu, akanilaza nusu, akaniambia nitazame dari. Akakibana kinundu kwa kijiti cha pamba dhidi ya mfupa, akasukuma kuelekea shavuni, taratibu, mara chache, akaacha. Hakugusa kope hata kidogo. Hakutumia mafuta yoyote, maana mafuta yanafanya kidole kiteleze kiende kisikotakiwa. Yeye anajua aliweka nini, wapi na kiasi gani. Dada wa saluni, na mikono yake mizuri ya kusuka, hajui.

Kisingesawazika, njia iliyobaki ilikuwa sindano ya kuyeyusha, hayaluronidezi. Inafanya kazi upesi, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili, ila inaweza kuleta mzio, kwa hiyo si ya kuchomwa nyumbani kwa mtu. Tena inayeyusha asidi ya hayaluroniki peke yake. Kama uliwekewa Radiesse, ambayo ni fila ya aina nyingine, haitakusaidia kitu. Ndiyo maana nakuomba leo hii umwandikie aliyekuchoma akupe jina la bidhaa na picha ya stika ya boksi. Akianza kukuzungusha kuhusu jina, hapo ndipo uwe na wasiwasi kuliko hata hicho kinundu. Mtumie na picha zako mbili, moja ya mbele na moja ya ubavu, mwanga ule ule.

Sasa kuna hali ambazo hazisubiri WhatsApp wala basi la Dar. Ngozi ikigeuka nyeupe au ikawa na madoa ya zambarau kama wavu, maumivu yakazidi badala ya kupungua, jicho likaona ukungu, vitu viwili viwili au giza: huo unaweza kuwa mshipa wa damu ulioziba, na mishipa ya hapo inaungana na ya jicho. Nenda hospitali ya rufaa saa hiyo hiyo na useme mlangoni kwamba ulichomwa fila. Jicho likikosa damu, saa moja na nusu inatosha kulipoteza. Kinundu kikiwa chekundu, cha moto na kinauma, hata baada ya miezi, hicho nacho ni cha daktari, kinaweza kuwa na maambukizi.

Kuhusu sendofu ya mdogo wako Jumamosi: vipodozi paka, wiki imeshapita. Mwambie mpambaji agongegonge kwa sponji laini chini ya macho, asivute. Feshio ya mvuke kabla ya shughuli iache. Usiku ukirudi, weka pamba yenye maji ya kuondolea vipodozi juu ya jicho, iache iloweshe, kisha ipitishe mara moja bila kusugua.