Swali la Lugha: Kilichoachwa Pangoni ni Sadaka, Kafara au Tambiko?

SWALI: Naongoza wageni kwenye Mapango ya Amboni, Tanga. Tunaandaa vibao vipya vya Kiswahili. Kwa ajili ya chumba cha mzimu, ambamo watu huacha ubani, marashi, vitambaa na sarafu, mwenzangu aliandika "Mahali pa kutolea sadaka". Mwingine akafuta, akaweka "kafara". Mzee mmoja wa Kiomoni akasema wote wamekosea, pale ni pa tambiko. Nani yuko sahihi? Na tukiwa hapo hapo: mbona zaka ya msikitini ni tofauti na zaka ya kanisani, na neno ni moja?

JIBU: Mzee yuko sahihi, ila neno lake linahitaji kunyooshwa kidogo kabla halijapanda kwenye kibao.

Ukifungua kamusi utaona sadaka imetumika kueleza karibu kila neno la kundi hili, na ndiyo maana mwenzako wa kwanza hakusita. Weka kamusi pembeni kwanza, utazame kitu chenyewe: kikishatoka mkononi mwa mtoaji, kinakwenda wapi?

Cha sadaka kinaliwa, au kinatumiwa na mtu. Ukisikia Tanga "leo kwa Bi fulani kuna sadaka", hakuna anayeuliza ni sadaka gani. Dua itasomwa, sinia za pilau zitashuka, watoto wa jirani watapewa chao kwenye bakuli. Nia ni ya Mungu, lakini tumbo linaloshiba ni la binadamu. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na ni ndugu wa sadiki. Mzizi wao unahusu ukweli. Kwa kipimo hicho, sarafu iliyolala juu ya jiwe pangoni mwaka mzima si sadaka, maana hakuna aliyeipokea.

Mwenzako ana utetezi mmoja, nao ni wa nguvu. Waliofasiri Biblia walilipanua neno hili. Katika Mambo ya Walawi kuna sadaka ya kuteketezwa, sadaka ya unga, sadaka ya amani, sadaka ya dhambi na sadaka ya hatia. Ya kuteketezwa hailiwi na mtu, inaishia moshi. Kwa hiyo aliyekulia kanisani haoni ajabu sadaka isiyo na mlaji, na aliyekulia madrasa anashangaa. Kibao chenu kitasomwa na wote wawili. (Dhabihu ni jambo jingine: lazima pawe na kuchinja. Madhabahu ni ndugu yake, yaani mahali pa kuchinjia. "Dhabihu ya sifa" ya Waraka kwa Waebrania ni sitiari tu.)

Sasa kafara, ambayo ndiyo yenye mtego. Nayo ni ya Kiarabu, kutoka mzizi wa kufunika. Kafiri ni wa ukoo huo huo: yeye hufunika ukweli, kafara hufunika kosa. Tatizo ni kwamba pwani tuna kafara mbili, na zinakinzana.

Ya kwanza ni ya kitabuni, yaani ya sheria ya Kiislamu. Aliyevunja kiapo hulisha maskini 10 au huwavisha, na asiyeweza hufunga siku 3. Aliyeharibu funga ya Ramadhani kwa tendo la ndoa mchana hufunga miezi 2 mfululizo, na asiyeweza hulisha maskini 60. (Kuacha huru mtumwa, kulikotajwa kwenye hukumu zote mbili, leo hakuna pa kukufanyia.) Hapa chakula lazima kifike kinywani mwa mtu, la sivyo deni halijalipwa.

Ya pili ni ya njia panda. Ngamiani, mtaa wa Tanga ambako barabara zimepewa namba na kila hatua chache zinakatana, mtu akiona alfajiri nazi iliyopasuliwa, yai na sarafu mbili juu ya kipande cha kitambaa, anapita pembeni. Mtoto huambiwa asiguse, kwa imani kwamba anayeokota anaokota na nuksi yake. Hapa chakula lazima kisifike kinywani mwa mtu. Neno ni hilo hilo, sharti limegeuka kichwa chini miguu juu. Kwa hiyo ukiandika juu ya ile ya kwanza, usiache "kafara" ikiwa peke yake. Andika kafara ya kiapo au kafara ya funga, msomaji asije akafikiria nazi.

Magazeti yamechukua ile ya pili, yakaichanganya na yule mbuzi wa Walawi 16 anayebebeshwa dhambi za watu na kupelekwa nyikani, tukapata "mbuzi wa kafara" na "katolewa kafara". Hapo chunga kauli ya kitenzi. "Katibu alitoa kafara" na "Katibu alitolewa kafara" zimetofautiana kwa silabi moja, lakini wa kwanza anatuhumiwa na wa pili anaonewa. Na kwa kuwa tumefika hapo: mhanga ni wa kujitoa, ndiyo maana tunasema "kujitoa mhanga". Wanaoandika "wahanga wa mafuriko" wamezidi kuwa wengi, lakini waliosombwa na maji hawakujitoa kwa yeyote. Hao ni waathirika.

Upatanisho wa kisarufi: sadaka ni ya ngeli ya i-/zi-, basi "sadaka yangu imepokelewa", kamwe si "sadaka langu". Kafara utaisikia kote kuwili, "kafara imetolewa" na "kafara limetolewa, makafara yametolewa". Chagua moja, usiibadilishe katikati ya ukurasa. Tambiko halina utata: hili, haya.

Je, kafara inafaa kwenye kibao chenu? Haifai. Kafara inaondoa. Mtu anaitoa ili kitu kimtoke, kisha haangalii nyuma. Anayeingia Amboni na chupa ya marashi, kwa kawaida anataka kitu kije: mtoto, riziki, afya. Akipata, anaweza kurudi kutimiza nadhiri yake. Kafara hairudiwi.

Limebaki tambiko, na hapa ndipo pa kunyoosha. Neno hili limeundwa kwa kitenzi tambika na kiishio -o, kama pigo lilivyotoka kwa piga na maziko kwa zika. Ni jina la tendo. Ndani ya tambiko kuna kuita wazee kwa majina, kusema shida, kumwaga au kuacha kitu, na kuaga. Chupa ya marashi si tambiko, kama jembe la makaburini lisivyo maziko. Ndiyo maana "walitoa tambiko" inakwaruza sikio. Sema "walifanya tambiko", au useme "walitambika" na kuokoa neno moja. Vile vitu ni vitu vya tambiko, basi.

Kuna kosa moja linalozaliwa hapa, nalo limewahi kuvuruga majirani, kwa hiyo litazame kwa karibu. Chukua sentensi: "Walimtolea babu sadaka." Mnyambuliko wa -ea katika tolea una milango miwili. Wa kwanza: walitoa sadaka kwa niaba ya babu, pengine anaumwa, au amefariki na wanamwombea, waliokula ni maskini. Wa pili: walimpa babu mwenyewe sadaka hiyo, yaani babu ni marehemu na ndiye anayeombwa. Kwa Mwislamu, mlango wa kwanza ni jambo jema na wa pili ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu. Umemsifu au umemtukana kwa sentensi ile ile. Mwandishi anayejua kazi yake anaupasua utata: "walitoa sadaka kwa ajili ya babu" upande huu, "walimtambikia babu" upande ule. Hali ni hiyo hiyo kwenye makaburi ya kale ya Tongoni. Anayekwenda kusoma Yasini na kurudi amezuru kaburi. Usiandike kwamba ametambika. Anayeacha kitu pale na kusema haja zake kwa aliyelala ndani, huyo ndiye aliyetambika, hata kama kavaa kanzu.

Zaka. Neno ni moja la Kiarabu, lakini dini mbili zimelipa hesabu mbili. Msikitini, zaka ya mali ni 2.5 kwa mia, yaani 1 katika 40, kwa mali iliyofika nisabu, yaani kiwango cha chini cha kutozwa zaka, na kukaa mwaka. Nisabu ya dhahabu hukadiriwa kuwa gramu 85. Kanisani, zaka ni fungu la kumi la kipato. "Leteni zaka kamili ghalani" ya Malaki inasomwa kwa maana hiyo. Kwa hiyo mhasibu anayeandikia watu wa dini zote asiandike "zaka" kavu kavu. Aseme zaka ya mali, au fungu la kumi.

Ipo pia zaka ya fitri, ambayo pwani ina kipimo chake cha kale: pishi 1 kwa kila kichwa cha nyumbani, na pishi ni vibaba 4. Kwa mchele, masheikh wengi hukadiria kilo 2.5. Utamu wa lugha uko kwenye saa: ikitolewa kabla ya swala ya Idi ni zaka ya fitri, ikichelewa mpaka baada ya swala ni sadaka kama sadaka nyingine. Mchele haukubadilika, jina limebadilika. Fidia nayo isichanganywe humo. Mzee asiyeweza kufunga tena hutoa kibaba 1 kwa kila siku. Mwezi wa siku 30 ni vibaba 30, yaani pishi 7 na vibaba 2. Anayesema "nimemtolea bibi kafara ya funga" hali bibi ni mgonjwa wa uzee, kamsingizia bibi dhambi.

Haya mengine nayapitia haraka. Ubani, mbali na ule wa chetezo, ni fedha wanayopewa wafiwa. "Kutoa ubani" msibani hakuhusiani na moshi, na bara wengi huita rambirambi. Ule wa moshi usiuite udi: ubani ni utomvu mkavu wa mti, huwekwa punje chache juu ya kaa lililokwisha toa ndimi. Ukiuweka penye mwali unawaka, na harufu inageuka ya kuungua. Kumpa mwimbaji noti huku unacheza, kama walivyofanyiwa waimbaji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star hapo Tanga, ni kutuza, na ndiko lilikotoka tuzo. Wengi husema "kumtunza". Si kosa la kuchekwa, lakini maandishini tunza huleta maana ya kulea, basi tuza ni salama zaidi. Hiyo wala si sadaka, maana sadaka inapendeza ikifichwa, na noti ya taarabu isipoonwa na ukumbi mzima haijafanya kazi.

Kibao kiandikwe hivi:

"Chumba cha Mzimu. Hapa ni mahali pa kutambikia. Vitu unavyoviona vimeachwa na watu waliokuja kutambika. Tafadhali usiviguse."

"Pa kutambikia", si "pa kutambika", kwa sababu -ia hapa inaonyesha mahali, kama chumba cha kulia na ubao wa kuandikia. Na "vimeachwa", si "vimetolewa": atakayesoma "vimetolewa" atauliza vimetolewa kwa nani, na jibu la swali hilo kila mgeni ataingia nalo la kwake.