Kabla ya Kugawa Unga, Ulizeni Orodha Imetoka Wapi

Mashirika madogo yaliyofanya kazi katika mitaa ya mabanda ya Nairobi mwaka 2020, wakati wa janga la korona, yalizama katika kugawa unga, sabuni na barakoa, kupiga picha, kumwandikia mfadhili ripoti, kisha kuanza upya. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba magunia hayo, wala sijutii, kwa maana mwenye njaa hangoji sera. Hata hivyo, janga jingine likizuka, ningeshauri kila shirika limtenge mtu mmoja tangu wiki ya kwanza ambaye hatagawa chochote, bali atafuatilia maamuzi ya serikali na kuyawekea kumbukumbu.

Wakati wa janga, haki ya mtu hupotelea katika orodha. Serikali ilipoanza kuzitumia baadhi ya familia shilingi 1,000 kwa wiki kupitia simu, majina yalipita kwa machifu, wazee wa mtaa na viongozi wa Nyumba Kumi (mpango wa ulinzi wa ujirani), na wengi hawakujua ni vigezo gani vilivyotumika. Tulisikia mara kwa mara kwamba mama fua aliyekosa vibarua ameachwa, ilhali mwenye ploti amelipwa. Malalamiko ya mdomo hayafiki popote, kwa hiyo andikeni. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kwa Kiingereza au Kiswahili bila kueleza anaitakia nini. Ofisi ya umma iliyoombwa ina siku 21 za kujibu, au saa 48 iwapo jambo lenyewe linahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombeni vigezo, idadi ya waliolipwa katika kila kata na utaratibu wa aliyeachwa kukata rufaa. Majina ya waliolipwa msiyaombe: mtawaanika maskini hadharani, na pia mtaipa ofisi kisingizio kizuri cha kukataa. Barua ipelekwe kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mahakama nayo isisahaulike, ingawa isitegemewe peke yake. Mwezi Aprili 2020, katika kesi iliyowasilishwa na Chama cha Mawakili, Mahakama Kuu iliiacha kafyu iendelee lakini ikaamua kwamba polisi walikiuka haki za raia kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Mwezi uliofuata, nyumba za mtaa wa Kariobangi, Nairobi, zilibomolewa licha ya amri ya mahakama ya kuzuia ubomoaji. Ndiyo maana nasisitiza kwamba nakala za amri ziwe mikononi mwa wakazi wenyewe, si katika kabati la ofisi iliyo mbali na mtaa. Vituo vya haki za kijamii, kama kile cha Mathare, vina nguvu katika jambo hili kwa sababu wanaharakati wake wanaishi humo humo.

Mshahara wa yule mtu wa kufuatilia maamuzi, nauli yake na pesa zake za simu viingizwe katika bajeti mapema, kabla fedha zote hazijaandikiwa chakula. Mfadhili akiuliza mbona kazi yake haina idadi ya walionufaika, mwonyesheni faili ya barua zilizogongwa muhuri, majibu yaliyopatikana na majina yaliyoongezwa katika orodha baada ya rufaa.